Acheni kumwaga samadi kwenye shamba mlilokodi kwa mdomo

Jamani nyie mnaokaa Mbagala, Chanika na Gongo la Mboto mnalima Mkuranga na Kisarawe, hili nimelisema vikaoni mpaka nimechoka. Mtu anakodi eka mbili kwa maneno tu, hela mkononi, anashusha Canter mbili za samadi, vuli inakubali, mahindi yanasimama hayo, mwenye shamba anayaona, masika inakaribia unaambiwa eti mwanangu karudi anataka kulima. Basi ndo imetoka hiyo. Na samadi haiishi nguvu msimu mmoja, wa pili na wa tatu bado inalisha udongo, kwahiyo umemrutubishia mwenzio bure.

Walioumwa mara moja ndo wanaharibu zaidi, haweki kitu, anachoma mabaki, anakata miti ya mpakani anapiga mkaa, anahama. Siwashangai sana, nani atunze kitu ambacho msimu ujao sio chake? Kilwa huko vijiji vilivyotenga misitu yao kwa Sheria ya Misitu ya 2002 vinauza mpingo wenyewe, hela inabaki kijijini, na doria wanafanya wenyewe, maana wanajua msitu ni wao.

Mkataba uandikwe. Miaka mitatu kwenda juu, na kama unataka kupanda miembe ya kubebesha usikubali chini ya kumi, maana mpaka ianze kuzaa ni mwaka wa tatu au wa nne. Uandikwe Septemba kabla ya vuli, sio Novemba jembe liko begani na mwenye shamba anajua huna pa kwenda! Nakala tatu, majirani wa pande zote wasaini. Muhuri wa mwenyekiti peke yake usikudanganye, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, peleka huko, na muulize anayekukodisha kama ana hati ya hakimiliki ya kimila.

Halafu vipimo, hapa ndo mnaniudhi. Kuna karatasi nimeletewa imeandikwa "mpaka unaanzia kwenye mpapai". Mpapai! Na ile eka ya hatua 70 kwa 70, inategemea miguu ya nani. Eka ni mita za mraba 4,047, yaani kama mita 63.6 kila upande, sasa mwenye hatua ya sentimita 75 akihesabu 70 zake amefika mita 52 na nusu tu, shamba zima ni kama 2,756, robo tatu ya eka haifiki na umelipia eka nzima. Nunueni tepu ya mita 50, pandeni minyaa kwenye kona zote.

Ukiona mkodishwaji anapanda miti bila kusukumwa ujue mkataba umekaa vizuri.

Kipande kilicho ndani ya mita 60 kutoka mtoni kisiingie kwenye mkataba kabisa, Sheria ya Mazingira ya 2004 hairuhusu kulima hapo hata kama mwenyewe anakwambia babu yake alilima. Pimeni hizo 60 kwa tepu ileile, kuanzia ukingoni, sio katikati ya maji.