Ukitaka kujua gari ya porini, lala chini yake kwanza

Wengi wakitafuta gari ya njia mbovu wanaangalia vitu vitatu, stika ya 4x4 kule nyuma, ukubwa wa injini, na kama gari ina sura ya ubabe. Vyote vitatu vinadanganya. Nimeshaona dude la V8 limekaa tumbo kwenye mchanga, tairi zote nne zinachimba tu, halafu kagari kadogo ka injini ya lita 1.5 kanapita pembeni yake taratibu kama vile hakuna kilichotokea. Njia mbovu haina habari na farasi wa injini yako, inachotaka kujua ni mambo mawili tu, tairi zako zinaendelea kukanyaga chini? na tumbo lako linaendelea kukaa juu? Ukishika hayo mawili hakuna muuzaji atakayekuzungusha.

Kwa hiyo ukienda kuangalia gari usianze na boneti. Tandika gunia, chukua tochi, ingia chini. Tafuta kitu kilichoshuka kuliko vyote, kwenye gari za ekseli nzima (chuma kimoja kinachounganisha tairi ya kulia na ya kushoto) mara nyingi ni lile tumbo la difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli linalogawa nguvu kwa tairi mbili, kwenye gari za kawaida unakuta ni sampu (bakuli la oili chini ya injini) au sailensa au vile vyuma vinavyoshikilia injini. Saluni nyingi zina kama milimita 130 mpaka 160 hivi toka chini mpaka hapo, kwa njia mbovu ya ukweli mimi nisingeshuka chini ya 200. Halafu gonga ile kava ya chini ya injini kwa vidole. Ikilia plastiki basi hiyo kazi yake ni kuzuia tope na upepo, jiwe litaipasua na kuendelea na safari mpaka kwenye sampu. Ikilia chuma kizito, angalia imefungwa kwenye nini, kama bolti zake zimeshika chasisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, sawa. Angalia pia mipira ya breki, waya na tenki la mafuta vimepita wapi, vikiwa vimejificha juu ya chuma cha chasisi ni vizuri, vikiwa vinaning'inia chini siku moja kisiki kitavivuta.

Sasa watu wakishapima urefu wa kutoka chini wanaishia hapo, na hapo ndio wanapoumia. Mfano mzuri ni Subaru Forester na Suzuki Jimny. Forester ina milimita 220, Jimny ya kuanzia 2018 ina 210, yaani ukisoma karatasi Forester ndio imeshinda. Lakini Forester ina bampa refu lililotangulia mbele ya tairi kwa hiyo kona yake ya kupandia, yaani ukali wa mwinuko ambao gari inaweza kuuanza bila bampa kugota, ni kama nyuzi 20 hivi, Jimny ni 37, na nyuma Jimny ina 49. Maana yake kwenye ukingo wa korongo Forester inafika na pua, Jimny inafika na tairi. Na ukifika na pua hata ungekuwa na nguvu za treni hupandi, unachofanya ni kusukuma udongo kwa bampa.

Kupima mwenyewe ni rahisi, hauhitaji karatasi ya kiwanda. Chukua ubao mnyoofu wa kama mita moja na nusu, ncha moja iweke chini pale tairi inapokutana na ardhi, ncha nyingine ielekee mbele ya gari, halafu iinue hiyo ya mbele, ubao ukiwa bado unagusa tairi, mpaka ugote kwenye bampa. Weka simu juu ya ubao, simu nyingi zina kipimo cha mlalo siku hizi, soma nyuzi. Fanya hivyo hivyo nyuma, na huko nyuma ndio kuna mshangao, kuna gari mbele ziko vizuri kabisa halafu nyuma limefungwa spea chini ya buti au chuma cha kuvutia trela, kona yote imeliwa. Mbele ikipita 30 hiyo gari ya kazi, ikiwa chini ya 20 hiyo ni gari ya barabara iliyoinuliwa tu.

Kona ya tatu ni ya tumboni na hii inategemea umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma. Gari fupi inavuka tuta kama mbuzi, pikapu ndefu ya milango minne inafika katikati inakaa kwenye tuta kama bembea. Ila gari fupi nayo ina lake, kwenye mlima mkali inarukaruka na kutaka kugeuka upande, ndefu inapanda imetulia. Kama njia zako ni za milima mirefu na mizigo usiogope sana gari ndefu.

Tukija kwenye hiyo 4x4 yenyewe. Hapa naomba uvumilivu kidogo maana ndipo pesa za watu zinapotea. Difu ya kawaida inagawa nguvu sawa kulia na kushoto, na huo usawa ndio ugonjwa wenyewe, kwa sababu tairi iliyo hewani haihitaji nguvu yoyote kuzunguka, basi na mwenzake aliyeko chini anapewa hiyohiyo ya karibu na sifuri. Kwa hiyo gari ya 4x4 yenye difu za kawaida mbele na nyuma ikipoteza tairi moja mbele na moja nyuma imekwisha. Mimi nilijifunza hili kwa aibu. Nilikuwa navuka mtaro kwa mshazari, naringa kabisa nimeweka fo-wili, gari ikasimama tairi ya mbele kushoto na ya nyuma kulia ziko hewani zinazunguka kama feni, zile mbili nyingine zimeshika ardhi vizuri tu lakini hazifanyi chochote. Nakanyaga mafuta, kelele tupu. Jamaa mmoja mtu mzima akaja, hakunisalimia hata, akaniambia kanyaga breki kidogo kwa mguu wa kushoto huku unaongeza mafuta taratibu. Ile breki ikazipa zile tairi za hewani kitu cha kusukuma, nguvu ikarudi upande wa pili, gari ikajivuta ikatoka. Sio dawa ya kila siku, inachosha breki na haifanyi kazi kwenye gari zote, kuna zinazokata mafuta ukikanyaga pedali zote mbili, lakini ndio siku niliyoelewa difu.

Difu loki inafunga kulia na kushoto ziwe kitu kimoja, moja ikiwa hewani nyingine inavuta kama kawaida. Kama unaweza kupata gari yenye loki ya nyuma tu, tayari umetofautiana na wengi. Gari za siku hizi zinatumia kompyuta badala yake, inasikia tairi inateleza inaibana breki hiyo tairi moja, kanuni ni ileile ya yule mzee wa mguu wa kushoto, tofauti tu ni kwamba inasubiri mpaka tairi iteleze kwanza, na ukiitumia sana breki zinapata moto. Inafaa, na zingine zimetengenezwa vizuri sana, usiidharau.

Kuna na jambo la difu ya katikati. Gari zinazoendeshwa tairi nne muda wote lazima ziwe na kitu cha katikati, uliza kama kinafungwa, maana bila kufungwa tairi moja tu ikiwa hewani inaweza kuzisimamisha zote nne. Zile za kuingiza fo-wili kwa gia huwa hazina difu ya katikati, mbele na nyuma zinafungana moja kwa moja, ni imara sana kwenye tope ila usiiache kwenye lami kavu, utasikia usukani mzito kwenye kona na gari kama inajivuta, hapo unavunja kitu. Halafu kuna hizi gari za mjini zinazoendesha mbele tu, nyuma inaitwa ikihitajika, kwenye utelezi mfupi zinakusaidia ila kwenye mchanga mrefu ile klachi ya kuunganisha nyuma inachemka, kompyuta inaizima ijilinde, unabaki na tairi mbili bila kujua.

Low renji, ile seti ya gia za ziada za kutambaa polepole kwa nguvu, ndio kitu cha kwanza ninachouliza kuliko hata loki. Piga hesabu hii. Gari ina gia ya kwanza ya 4 (yaani inapunguza mzunguko mara 4), difu ya 4.1, zidisha, bila low injini inazunguka mara 16 na kidogo kwa mzunguko mmoja wa tairi. Injini ikiwa sailensi, yaani inanguruma tu bila kukanyaga mafuta, kwenye mizunguko 800 kwa dakika na tairi ya kimo cha sentimita 75 hiyo ni karibu kilomita 7 kwa saa, mtu anakimbia polepole. Weka low ya 2.5, inakuwa mara 41, unashuka mpaka chini ya kilomita 3, yaani mwendo wa mtoto anayejifunza kutembea, na nguvu kwenye tairi imeongezeka mara mbili na nusu bila kuongeza mafuta. Kwenye mawe hiyo ndio tofauti ya kupanda na kujigonga. Na kwenye kushuka mlima ndio zaidi, injini inaishika gari, mguu wako uko mbali na breki, tairi hazijifungi na kuteleza. Jeep Wrangler Rubicon ina low ya 4 nzima, ndio maana inatambaa vile.

Kwenye springi na ekseli kuna ubishi wa miaka yote sitaki kuumaliza hapa. Ekseli nzima, tairi ya kulia ikipanda jiwe ya kushoto inasukumwa chini, kwa hiyo zote zinabaki zinakanyaga, na difu haishuki hata gari ikibeba mzigo. Jimny, Wrangler na Land Cruiser 70 bado ziko hivyo mbele na nyuma. Ile ya kila tairi na springi yake ni laini barabarani na kwenye njia ya vumbi ya kasi inatulia zaidi, ila ikibonyea tumbo zima linashuka nayo. Chasisi ya ngazi, ile ya vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kama ngazi, inavumilia kupindwapindwa miaka mingi. Lakini usiwe mshabiki, Land Rover Defender ya zamani iliyokoma kutengenezwa 2016 ilikuwa na chasisi na ekseli nzima, hii mpya haina hata kimoja na bado inapita kwenye maji ya kina cha mpaka milimita 900. Jipimie mwenyewe: pandisha tairi moja ya mbele juu ya tuta mpaka springi yake inakaribia kubonyea yote, shuka, zunguka gari uangalie ile ya nyuma upande uleule. Bado inakanyaga au imeshaanza kuelea? Ikiwa haigusi chini tena, umepata jibu. (Gari iwe imewekewa kabari kwanza na mtu mwingine ameshika breki, tafadhali.)

Tairi sasa. Ukiwa na hela ya kubadilisha kitu kimoja tu, badilisha tairi. Gari ya wastani yenye tairi nzuri inaiacha gari kali yenye tairi za lami zilizoisha, tope likishaziba mistari ya tairi unaendesha vitumbua vinne. Zile za AT (za njia zote, lami na vumbi) zinamtosha mtu wa kawaida, za MT (za tope) zenye meno makubwa zinajisafisha kwenye tope ila zina kelele na kwenye lami yenye maji hazishiki sana. Angalia na rimu, rimu kubwa zenye tairi nyembamba pembeni ni za kupendeza tu, hazina mpira wa kubonyea na jiwe linafika kwenye chuma mapema.

Na upepo wa tairi. Kwenye mchanga shusha mpaka 18 psi, ukishindwa 15, chini ya hapo tairi inaweza kutoka kwenye rimu. Tairi ikilegea haitanuki sana kwa upana kama watu wanavyofikiri, inarefuka, inakuwa kama mnyororo wa tingatinga. Nenda taratibu, usikate kona kali, na kabla ya kurudi kwenye mwendo jaza, kwa hiyo pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri iwe ndani ya gari.

Uzito nao watu wanausahau. Gari nyepesi inaelea pale nzito inapozama. Na wewe mwenye gari unaongeza keria, tairi mbili juu, madumu, hema, halafu unashangaa inataka kulala kwenye mwinamo. Vitu vizito viweke chini, katikati.

Maji: swali ni injini inavuta hewa wapi. Fungua boneti, fuata bomba la hewa mpaka mdomo wake, kuna gari mdomo uko nyuma ya taa, wimbi dogo tu linaingia. Maji hayabanwi kama hewa, yakiingia kwenye silinda koni rodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni, inapinda na injini umeipoteza. Sinoko, lile bomba la hewa linalopanda mpaka karibu na paa, inasaidia kama viungo vyake vyote vimezibwa, nyingi ni pambo. Angalia na vipumulio vya difu vimeinuliwa na mpira, maana difu ya moto ikiingia kwenye maji baridi inayanyonya, ukikuta oili yake imekuwa kama maziwa ujue yameshaingia.

Mwisho kabisa kabla hujatoka chini ya gari, tafuta ndoano za kuvutia, mbele na nyuma, zilizofungwa kwenye chasisi kwa bolti nene. Kale kapete kembamba ni ka kufungia gari melini. Na ile boli ya trela, ile duara ya chuma ya kuvutia trela, usiifunge kamba ya kuvutia gari iliyonasa hata siku moja, ikikatika inaruka kama risasi, imeshaua watu. Gari isiyo na pa kufunga kamba, wakija kukuokoa watafunga popote watakapoona, na hapo bampa lako unalisindikiza kwa macho.