Kabla ya kubandika kihisi kwenye kioo cha kabati la kemikali

Ukifunga kihisi kisichotumia waya cha kuonyesha kioo cha kabati la kufyonza mvuke wa kemikali kimefunguliwa kiasi gani, usikimbilie kubandika. Kishikilie kwa mkono kwanza, pandisha na ushushe kioo mpaka mwisho, uone kama hakikwaruzi fremu. Pima nguvu ya mawimbi kioo kikiwa juu kabisa, maana hapo ndipo kihisi hujificha nyuma ya bati, na bati hudhoofisha mawimbi. Kisha futa mahali pa gundi kwa spiriti, paache pakauke. Sufuri ya kihisi, yaani pale kinapoanzia kupima, iweke kioo kikiwa kimefungwa kabisa (si pale watu walipozoea kukiacha!). Mfuniko wa betri uelekee upande unaofikika bila kubandua chochote.