Kuzuia ukungu wa ndani ya nyumba wakati wa masika Moshi

Mvua za masika zinapoanza mwezi Machi na kuendelea hadi Mei, kisha zikafuatwa na baridi na mawingu ya Juni na Julai, nyumba nyingi za Moshi, hasa za kupanda kuelekea Kibosho na Marangu, hukaa na unyevu muda mrefu, na madoa meusi au ya kijani huota kwenye pembe za kuta, nyuma ya makabati na chini ya magodoro. Ukungu huo hutoa chembe ndogo zinazopeperuka hewani, ambazo mtu akizivuta huweza kupiga chafya, kukohoa, kuwashwa macho na, akiwa na pumu, kubanwa kifua. Wazazi wenye watoto wadogo, tafadhalini msilipuuze jambo hili.

Anza na chanzo cha maji, kwa maana doa lililofutwa huku bati likiendelea kuvuja litarudi. Fungua madirisha yanayotazamana jua linapotoka, sogeza kabati mbali kidogo na ukuta, na usianike nguo mbichi chumbani mnamolala. Kilicholowa kikaushwe ndani ya saa 48.

Doa dogo lisugue kwa maji na sabuni, ukiwa umevaa barakoa na glavu, kisha uache ukuta ukauke kabisa kabla ya kupaka rangi. Dawa ya klorini isichanganywe kamwe na siki wala amonia, kwani mvuke wake ni sumu. Godoro lililoota ukungu hadi ndani litupwe, ingawa najua gharama yake inauma.