Kabla hujapeleka baiskeli ya changarawe Engadin

Kila Juni ikikaribia, ndugu na marafiki walioko Zürich, Stuttgart na Milano wananiuliza swali lilelile: tukija Engadin na baiskeli za changarawe, yaani za kupita njia zisizo na lami, tubebe nini, tujihadhari na nini? Najibu hapa mara moja, msiniulize tena.

Engadin ni bonde la mto Inn, kona ya kusini-mashariki ya Uswisi, katika jimbo la Graubünden. Sehemu yake ya juu iko takribani mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Kuna maziwa yaliyofuatana, Sils, Silvaplana, Champfèr na St. Moritz, na kandokando yake, msituni na kwenye kingo za mto, zimo njia za changarawe ambazo magari ya watu hayaruhusiwi kuingia. Kwa mtu aliyezoea kuendesha Dar na daladala ikimpumulia mgongoni, hapo ni peponi. Na hapo ndipo watu wanapojisahau.

Msimu ni kuanzia katikati ya Juni mpaka mwanzoni mwa Oktoba. Nje ya hapo utakuta theluji vivulini au barafu njiani asubuhi.

Mtu wa Iten hatasumbuliwa na mwinuko, kwao ni juu zaidi. Mtu wa Tanga au Mombasa atahema, na asione haya. Siku ya kwanza azunguke tu msitu wa Staz, kati ya St. Moritz na Pontresina, kisha akale.

Kofia ngumu, lazima. Tyubu ya akiba, pampu, viraka, lazima. Pedi za breki zikaguliwe nyumbani, maana ukifika huku mafundi wana foleni na bei zao utazisikia.

Tairi liwe na upana wa milimita 40 au zaidi. Wengi wanajaza upepo kama wanakwenda barabara ya lami, halafu wanashangaa baiskeli inarukaruka na kuteleza kwenye kona. Mtu wa kilo 75 mwenye tairi lisilo na tyubu ndani ajaribu shinikizo la bar 2 hadi 2.5, mwenye tyubu aongeze kidogo, tairi lisibonyee mpaka tyubu ibanwe kwenye jiwe na kutoboka. Utaona faida yake Val Roseg, njia ya kama kilomita 7 kutoka Pontresina kwenda juu kwenye hoteli iliyo karibu na barafu ya mlimani. Ile njia inapitwa na mikokoteni ya farasi inayobeba wageni, na kwato zimeilegeza changarawe. Ukikutana na farasi punguza mwendo, msubiri mwenye mkokoteni akupe ishara, usimpigie mnyama kengele sikioni. Waendao kwa miguu wasalimie, huku wanasema "Allegra", na ukisalimia kabla ya kupita hutanuniwa na mtu.

Vibao visome. Duara jeupe lenye ukingo mwekundu na ndani hakuna kitu maana yake hakuna chombo kinachopita, baiskeli ikiwemo. Duara hilohilo likiwa na picha ya gari na pikipiki, wewe pita. Halafu ipo Hifadhi ya Taifa ya Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1914, upande wa S-chanf na Zernez. Humo baiskeli hairuhusiwi kabisa, hata ya kukokotwa. Usitegemee kukuta ukuta au uzio, kuna vibao tu, na askari wa hifadhi hana muda wa kusikia kwamba ramani ya simu ilikuelekeza huko.

Ng'ombe nao. Usiwaogope wote, ogopa mama mwenye ndama. Wanaachwa malishoni pamoja, na njia inapita katikati yao. Ukiona ameinua kichwa anakutazama, shuka kwenye baiskeli, tembea taratibu, zunguka kwa mbali, na usijitie kumpiga ndama picha. Geti ulilolifungua lifunge. Ule mshipi unaofunga njia ya malishoni, wenye mpini wa plastiki, una umeme, shika mpini, si waya.

Sasa upepo. Hapa nitakaa, kwa sababu kila mtu anasoma hali ya hewa, anaona picha ya jua, anafunga mjadala.

Kwenye mabonde mengi ya Alpi, siku ya jua upepo wa mchana hupanda bonde kutoka chini kwenda juu. Engadin ya juu ni kinyume, upepo unashuka. Sababu iko Maloja, mwanzo wa bonde. Pale hakuna mlima wa kuliziba bonde. Ardhi inakatika ghafla na kuporomoka kwenye bonde la Bregaglia, kuelekea Chiavenna nchini Italia, mji ulio mita 330 hivi tu kutoka usawa wa bahari. Jua likichoma, hewa ya moto inapanda Bregaglia, inafika Maloja haikuti kizuizi, inamwagikia Engadin. Wenyeji wanauita upepo wa Maloja. Huanza karibu na adhuhuri, hushika kasi alasiri, hulala jua likishuka. Wale wanaoteleza majini kwa tiara na matanga wanaojaa ziwa la Silvaplana kila mchana wanaufuata huo huo.

Kuna jamaa yetu mmoja, mzaliwa wa Morogoro, ana mapafu mazuri kuliko sisi wote. Kundi letu lililala kijiji cha Sils, likanywa chai bila haraka, likaondoka adhuhuri inaingia. Kuanzia Surlej, kando ya ziwa la Silvaplana, upepo ulikuwa mgongoni. Yule bwana alikuwa anakwenda kilomita 35 kwa saa kwenye changarawe huku anapiga soga, anatuambia goti lake limepona. Jaketi lake alikuwa ameliacha kwenye gari, jua kali, la nini? Tukapita Celerina, Samedan, Bever, kingo za mto zimenyooka, mpaka S-chanf, kama kilomita 30, amelowa jasho na anacheka.

Kurudi tulipanda treni ya Rhätische Bahn, baiskeli nazo zina tiketi yake, hakuna shida. Shida ni kwamba reli inaishia St. Moritz. Sils na Maloja hakuna treni, kuna basi, na basi lililofuata vyuma vyake vya kubebea baiskeli vilikuwa vimejaa. Zilibaki kilomita 11 hivi, zote za kubisha, upepo usoni, ziwa limekunja uso, mawimbi yanapiga ukingo. Jasho lililokauka nusu kwenye treni likageuka baridi. Alianza kukaa nyuma, kisha kunyamaza, na mtu huyo hanyamazi. Tulipofika Surlej alijaribu kufungua kifungo cha kofia chini ya kidevu, vidole vikakataa. Alikuwa anakigonga kwa ncha za vidole kama mtu anayetafuta swichi gizani. Nilimfungulia mimi. Nikamwuliza anataka chai au kahawa, jibu lake lilitoka limevurugika, maneno yamelegea. Hali ya hewa ilikuwa nyuzi 13, jua linawaka. Mtu aliyelowa hahitaji theluji ili baridi imwingie mwilini.

Tulimvua fulana ile, tukamvika jaketi la mtu, tukamnywesha chai yenye sukari nyingi. Mama wa mgahawa alitutazama, akauliza tunakwenda wapi, akasema kaeni, upepo utalala. Saa moja jioni ziwa lilikuwa limetulia, tukafika Sils bila kusukumana na mtu.

Kwa hiyo: gari liache Samedan au St. Moritz, penye reli, si Sils. Ondoka mapema, saa mbili asubuhi uwe tayari njiani kuelekea Maloja, upepo ukiamka uwe unakurudisha. Jaketi jembamba la upepo likae mfuko wa mgongoni hata kama mbingu haina wingu, na fulana kavu kwenye mfuko wa nailoni. Ukijiona una nguvu za ajabu mchana huo, geuka nyuma dakika moja uone kama nguvu ni zako.

Mengine ni ya haraka. Maji usinunue, vijiji vina chemchemi za mawe na maji yake yananyweka, isipokuwa kibao kiseme "Kein Trinkwasser", yaani si maji ya kunywa. Chakula nunua Jumamosi, Jumapili maduka mengi hufungwa. Beba faranga taslimu, vibanda vya milimani vingine havipokei kadi. Treni za masafa marefu kutoka Zürich zinadai nafasi ya baiskeli iwekwe mapema wakati wa kiangazi, usije ukabishana na kondakta.

Bima. Wanaokuja na viza ya Schengen wana bima ya lazima, angalau yuro 30,000, lakini uliza kwa maandishi kama inalipia kuokolewa mlimani kwa helikopta. Si kila bima inalipia, na bili inakufuata nyumbani. Namba za kuhifadhi ni 144 ya gari la wagonjwa, 1414 ya helikopta za uokoaji za Rega, na 112 ukisahau zote.

Radi huja alasiri, ukiisikia ondoka ukingoni mwa ziwa na usijifiche chini ya mti uliosimama peke yake. Simu iweke mfuko wa ndani, baridi inakula chaji. Mteremko wa kutoka Val Roseg usiufukuze jioni, kivuli kinaficha mashimo na watembeaji bado wapo. Ukienda peke yako, mwambie mtu wa mapokezi hotelini umekwenda njia ipi na unarudi saa ngapi.