Anzia mwaloni, si bungeni: hatua za kufundisha demokrasia darasani

Mwulize mwanafunzi wa darasa la saba hapa Mwanza mihimili ya dola ni ipi, atakutajia yote mitatu kwa mkupuo. Mwulize mtendaji wa mtaa wao amechaguliwa au ameajiriwa, darasa zima linanyamaza. Ndiyo maana naanza Uraia kutoka chini, kwenye kijiji na mtaa, mahali ambapo mtoto anaiona serikali kwa macho yake. Njia hii inafaa kuanzia darasa la sita hadi kidato cha pili.

Hatua ya 1: Panga vyeo

Andika kila cheo kwenye kipande cha karatasi: mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa mtaa, diwani, mtendaji wa kata, meya, mkurugenzi wa halmashauri, mkuu wa wilaya, mbunge. Wanafunzi wavigawe mafungu matatu: waliochaguliwa, walioajiriwa, walioteuliwa. Watendaji ni waajiriwa. Mkurugenzi na mkuu wa wilaya huteuliwa na Rais. Meya atazua ubishi, na usiukate mapema. Anachaguliwa, ndiyo, ila na madiwani wenzake.

Kisha uliza mwalo wa Kirumba, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga na kushusha samaki, uko halmashauri gani. Wengi watajibu Jiji. Uko Manispaa ya Ilemela. Halmashauri ya Jiji ni upande wa Nyamagana. Mwananchi asiyejua hilo atapeleka malalamiko yake ofisi isiyohusika.

Hatua ya 2: Undeni kijiji

Darasa liwe kijiji cha ukingoni mwa ziwa, na jina walitunge wenyewe. Gawa nafasi: matajiri wenye mitumbwi, vijana wa karabai wanaovua dagaa usiku kwa taa, akina mama waanika dagaa, wachuuzi, wakulima, mzee asiyeona vizuri, na mvuvi aliyetoka kisiwa cha Ukerewe miezi miwili iliyopita. Usiwape nafasi za uongozi wale wale wanaonyoosha mikono kila siku.

Mwenyekiti achaguliwe kwa kura ya siri. Boksi lionyeshwe kuwa tupu kabla ya kufungwa, kura zihesabiwe mbele ya wote, na kura iliyoharibika ionyeshwe na kuelezwa kwa nini imekataliwa. Majina ya vyama halisi yasiingie darasani. Wazazi wa watoto hawa wana vyama vyao, na mtoto asijikute akimtetea au kumkana baba yake mbele ya wenzake.

Hatua ya 3: Mkutano mkuu wa kijiji

Hapa ndipo nakushauri utumie muda mwingi kuliko kwingine kote.

Eleza kwanza sheria. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, na hukutana kila baada ya miezi mitatu. Ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25.

Ajenda ni moja: fedha zilizopo zijenge choo cha mwaloni au chanja za kuanikia dagaa? Kabla ya mjadala, mtendaji asome taarifa ya mapato na matumizi uliyoiandaa wewe:

Mapato: shilingi 850,000. Matumizi: ukarabati wa ofisi 320,000; usafi wa mwalo 185,000; madawati 210,000. Salio: 90,000.

Jumlisha mwenyewe: salio lilipaswa kuwa 135,000. Usiseme neno. Wakipitisha taarifa kwa makofi, waache wapitishe, waende kwenye mjadala, na somo linalofuata uwape nakala na kalamu. Akitokea mmoja akauliza, "Mwenyekiti, hiyo elfu arobaini na tano iko wapi?", mpe nafasi ajibiwe rasmi na iandikwe kwenye muhtasari. Mtoto aliyewahi kuuliza swali hilo akiwa na miaka 13 hataogopa kuliuliza akiwa na 30.

Swali lingine litazuka lenyewe: yule mvuvi wa Ukerewe, ana haki ya kupiga kura hapa? Kambi za wavuvi huhama na samaki, kwa hiyo si swali la kubuni. Sheria inazungumzia mtu anayeishi kijijini kwa kawaida. Wajadili "kwa kawaida" maana yake nini kwa mtu ambaye choo kisipojengwa atakikosa kama wenzake. Mtoto akianza kuchangia kwa Kisukuma au Kikerewe, mwache amalize, kisha mwenzake afasiri.

Baada ya kura, walioshindwa waseme wanataka nini kizingatiwe katika utekelezaji, na mwenyekiti awajibu.

Hatua ya 4: Pandeni juu

Sasa ndipo ufungue Katiba ya 1977. Someni ibara ya 8, inayosema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, kisha ya 145 na 146 kuhusu serikali za mitaa. Bunge na Mahakama vitaeleweka haraka, maana wameshaona kwa nini anayetumia fedha asiwe ndiye anayejikagua.

Hatua ya 5: Barua ya kweli

Wachague kero moja halisi karibu na shule, kama mtaro ulioziba au taka za mwaloni, wamwandikie mtendaji wa mtaa au kijiji barua fupi: kero, mahali, ombi. Mkuu wa shule aijue kabla haijatoka. Wapeleke nakala mbili, moja igongwe muhuri na tarehe ya kupokelewa, irudi darasani. Jibu lisipofika, waandike ya pili wakitaja tarehe ya ile ya kwanza, na nakala iende kwa mtendaji wa kata.