Kabla hujachora pembetatu pacha kwa bikari na rula

Chonga penseli. Ile uliyochonga jana haihesabiki, ichonge tena. Penseli butu inachora mstari mnene kama uzi wa kushonea gunia, na pale matao mawili, vile vipande vya duara unavyochora kwa bikari, yanapokatana unapata doa badala ya nukta. Utapima kutoka upande gani wa doa?

Weka daftari au gazeti chini ya karatasi. Sindano ya bikari inataka mahali pa kuzama kidogo, na kwenye meza tupu inateleza.

Rula iwe na ukingo ulionyooka, basi. Kama rafiki yako aliitumia kama fimbo ya kuchapia nzi na ina meno, irudishe kwake.

Unapofungua bikari kwa kipimo, usiweke sindano kwenye sifuri. Mwisho wa rula huwa umelika. Anzia kwenye 1, na kama unataka sentimita 5, penseli ifike kwenye 6. Wengi hukumbuka kuanzia 1, kisha husahau kuongeza, wakaishia na pande za sentimita 4.

Kabla ya kugusa karatasi, soma swali na ujiulize kama pembetatu hiyo inawezekana. Kila upande pacha, yaani kila mmoja wa zile pande mbili zinazolingana, lazima uzidi nusu ya kitako, ule upande wa tatu. Kitako cha sentimita 11 na pande za sentimita 5? Matao hayatakutana hata ukichora mpaka magharibi. Na ukiambiwa tu kwamba pembetatu pacha ina pande za 4 na 9, usibahatishe: pacha ni zile za 9, kwa sababu 4 na 4 hazifiki 9.

Kazi yenyewe ni fupi. Chora kitako AB. Fungua bikari kwa urefu wa upande, weka sindano A, chora tao juu ya kitako. Hamishia sindano B, ukubwa uleule, chora tao lingine likate la kwanza. Hapo ndipo C. Unganisha.

Hayo maneno "ukubwa uleule" ndiyo yaliyoniumbua.

Nilikuwa darasa la saba, mtihani wa majaribio. Bikari niliirithi kwa kaka yangu, na skrubu yake ya juu ilikuwa imelegea miaka. Mimi niliikaza kwa ukucha, nikaona inatosha. Swali lilikuwa jepesi: kitako sentimita 6, pande sentimita 5 kila moja, kisha pima pembe mbili za kwenye kitako. Tao la kwanza nililichora vizuri. Nilipohamishia sindano B nikaikandamiza ili ishike, na miguu ikapanuka kidogo. Milimita 3 tu. Sikuona kitu.

Nikapima pembe. Kushoto karibu nyuzi 57, kulia 52. Sasa, nilijua kabisa kwamba pembe za kitako cha pembetatu pacha ni sawa, kwa hiyo badala ya kuuliza kilichoharibika nikafanya ujanja: nikajumlisha, nikagawa kwa mbili, nikaandika 54 na nusu pande zote. Jibu sahihi ni kama nyuzi 53. Mwalimu aliporudisha karatasi aliinyanyua darasa zima waione. "Hawa ni pacha gani," akauliza, "mmoja kamzidi mwenzake?" Jina hilo la Pacha nilitembea nalo mpaka siku ya kuhitimu.

Kwa hiyo kaza skrubu kwa ukingo wa sarafu, siyo kwa ukucha. Bado inacheza? Sokomeza kipande cha karatasi kilichokunjwa kwenye maungio. Shika bikari kwa kichwa chake cha juu, usiishike miguu. Na ukimaliza tao la pili rudisha sindano kwenye A uone kama penseli bado inakaa juu ya tao la kwanza. Sekunde tano. Zingeniokoa.

Kuna njia nyingine ambayo sikuijua wakati ule, na kwa bikari mbovu ndiyo ninayoipenda. Anzia juu badala ya chini. Weka nukta C, fungua bikari sentimita 5, chora tao moja refu. Nukta zozote mbili utakazochagua kwenye tao hilo ziko mbali sawa na C, kwa hiyo pande ni pacha hata kama bikari ilikudanganya kwenye kipimo. Kisha fungua bikari sentimita 6, weka sindano mahali popote kwenye tao, ukate tao mbele yake. Ikiteleza hapa unaharibu urefu wa kitako tu, upacha unabaki. Euclid, yule aliyefundisha jometri Aleksandria ya Misri miaka 2,300 hivi iliyopita, hata hakuruhusu bikari ibebe kipimo: ukiinyanyua, ihesabu kama imejifunga. Zamani niliona ni ukali wa bure. Siku hizi naona kama alikuwa anaijua bikari ya kaka yangu.

Ukipewa kitako na kimo badala ya pande, gawa kitako katikati kwanza: matao mawili ya ukubwa mmoja kutoka A na B, juu na chini ya mstari, ukubwa uzidi nusu ya kitako. Unganisha yanapokatana, kisha pima kimo kwa kufuata mstari huo, kuanzia kwenye kitako. C haiwezi kukaa kwingine.

Usifute matao. Msahihishaji anayatafuta, na asipoyaona atadhani ulipima kwa kipimapembe ukajifanya umetumia bikari. Yachore mepesi tu. Usichore kwa kalamu ya wino. Usiiazimishe bikari asubuhi ya mtihani, hata kwa jirani mwema, maana itarudi imekazwa kwingine. Na usiitie mfukoni mwa suruali sindano ikiwa nje, halafu ukakaa.