Somo: Kukadiria namba na kutafuta vigawo bila kikokotoo

Naliweka somo hili lote mahali pamoja kwa sababu nimechoka kulijibu vipandevipande. Swali ni lilelile: "Mbona jibu langu limekuja tofauti?" Mara nyingi tatizo liko hatua ya 3. Someni mpaka mwisho ndipo muulize.

Kukadiria

1. Amua nafasi unayoitaka: makumi, mamia au maelfu.

2. Tazama tarakimu moja tu iliyo kulia kwake. Ikiwa 0 hadi 4, nafasi yako inabaki ilivyo. Ikiwa 5 hadi 9, inaongezeka moja. Za kulia zote zinakuwa sifuri. 7,360 kwa mamia ni 7,400.

3. Kadiria mara moja, tena kutoka namba halisi. Chukua 2,449, unaitaka kwa maelfu. Mtu anaanza na makumi, anapata 2,450. Anaipeleka kwenye mamia, 2,500. Kisha maelfu, 3,000. Kila hatua ukiitazama peke yake haina kosa, lakini jibu ni kosa tupu: toka 2,449 hadi 3,000 ni 551, na kurudi 2,000 ni 449 tu. Jibu ni 2,000. Jihadharini pia na kukadiria kila bidhaa ndipo ujumlishe. Vitu vitano vya shilingi 1,400 ni 7,000. Ukivikadiria kwa maelfu kimoja kimoja unapata 5,000, na sokoni utaaibika. Ukitaka kujua kama fedha zitatosha, achana na kanuni ya hatua ya 2, pandisha kila bei. Na anayekudai mlipe deni lake kamili. Makadirio ni ya kupimia, si ya kulipia.

4. 9 ikiongezeka, beba: 3,980 kwa mamia ni 4,000.

Vigawo

5. Kigawo ni namba inayoigawanya nyingine bila baki. Gawanya kwa namba tasa (zinazogawanyika kwa 1 na zenyewe tu) kuanzia 2 mpaka ubaki na 1. 84 = 2 × 2 × 3 × 7. 60 = 2 × 2 × 3 × 5.

6. Zidisha vilivyomo kote kuwili: 2 × 2 × 3 = 12. Hicho ndicho KKS, Kigawo Kikubwa cha Shirika: namba kubwa kuliko zote inayogawanya zote mbili bila baki. Mwenye machungwa 84 ya Muheza na ndimu 60 anapanga mafungu 12 yaliyo sawa, kila fungu machungwa 7 na ndimu 5, hakibaki kitu.

Maswali

Mwenye genge, Ngamiani: Kwa hiyo 2,449 ni 2,500 au 3,000?

Si yoyote kati ya hizo. Hatua ya 3, ndugu.

Mwanafunzi, Pongwe: Shikamoo mwalimu. Kwa nini 5 ipande, na yenyewe iko katikati?

Marahaba mwanangu, umeuliza vizuri. 2,500 kamili iko katikati kweli, ingeweza kwenda kokote, tumekubaliana ipande. Lakini 2,501 hadi 2,599 zote zimeshavuka nusu, lazima zipande. Kwa makubaliano hayo, ukiiona 5 huna haja ya kutazama kinachofuata.

Kondakta: Simu ninayo. Haya yote ya nini?

Itumie. Ukibonyeza sifuri moja ya ziada, simu haitakwambia. Makadirio yatakwambia.

Mama ntilie, Chumbageni: 91 imekataa kwa 2, kwa 3 na kwa 5. Ni tasa?

Bado dada, jaribu 7: 7 × 13 = 91. Unajaribu kila namba tasa ambayo ukiizidisha kwa yenyewe haivuki namba yako. 7 × 7 ni 49, bado. 11 × 11 ni 121, imevuka, basi unaishia 7. Jaribu 97 hivyohivyo: inakataa zote nne, hiyo ni tasa. Na kwa 3 usigawanye, jumlisha tarakimu: 8 + 4 = 12, 12 inagawanyika kwa 3, basi na 84 inagawanyika.

Muuza samaki, Deep Sea: Mimi kilo 15 kwa 2,400 naifanya 30 kwa 1,200. Inakuja 36,000 kichwani.

Ahsante sana kaka, hivyo ndivyo vigawo vinavyofanya kazi: umetoa 2 kwenye bei ukaitia kwenye kilo. Na mkikutana na 25, tafuteni 4 ndani ya namba ya pili. 25 × 36 ni 100 × 9, yaani 900.

Muuza samaki, Deep Sea: Na 125?

Tafuta 8. 125 × 48 ni 1,000 × 6.